Kigugumizi Mbele ya Wasaili Watatu

Nyumba za Watumishi wa Hospitali,
Mlango wa Sita.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Hujambo wewe, na hao ulio nao hawajambo? Kifua cha wifi kimetulia, au bado anakohoa asubuhi? Na mwanao mkubwa, lile jino la mbele limeshaota? Sisi huku wazima. Mama goti linamsumbua kukiwa na baridi, lakini mdomo wake haujambo kabisa. Jana kanigombeza kwa kuanika shuka lake kivulini.

Barua yako ilifika Jumanne. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Unasema usaili wa tarehe kumi na nane mwezi ujao huendi, kwa kuwa ule uliopita walikukatiza ukiwa bado unajibu swali la kwanza. Nilicheka, nisamehe. Halafu nikakasirika. Kwa hiyo kaa kitako nikusimulie yaliyonipata majuzi.

Unajua nina miaka kumi na mmoja katika chumba cha kutakasia vifaa vya upasuaji. Mikasi, koleo, visu, vyote vinapita mikononi mwangu: tunaosha, tunapanga kwenye trei, tunafunga, tunatia kwenye mashine ya mvuke. Msimamizi wetu alipostaafu, nafasi yake ikatangazwa. Huko nyuma niliomba unaibu mara mbili, na mara zote mbili nilitoka kapa. Mara ya kwanza niliulizwa jina tu. Herufi ya kwanza ikagoma, nikabaki nimeachama mpaka mmoja wa wasaili akasema, "Basi, dada, asante." Jina langu mwenyewe, mdogo wangu!

Safari hii nilimwambia shemeji yako nataka kujaribu tena. Aliacha kusafisha mashine yake ya kunyolea, akanitazama. "Basi njoo kinyozini, wateja wangu wakusaili."

Nilidhani ananitania. Kumbe wapi! Jumamosi tatu mfululizo nilikaa kwenye benchi la wanaosubiri zamu, wateja wakanipiga maswali ambayo shemeji yako aliyaandika kwenye ubavu wa boksi la sabuni. Dereva mmoja wa lori, kichwa nusu kimenyolewa nusu bado, alikunja uso kama bosi. "Tuambie udhaifu wako."

Nikasema, "Si-si-si..." nikakwama.

"Siwezi kusema uongo?" akanisaidia. Benchi zima likaangua kicheko, nami nikacheka nao.

Lakini mimi nilitaka kusema sipendi kuomba msaada. Nikirudi nyumbani nikawa naliwaza hilo. Neno langu likikwama, watu hunipa la kwao, na miaka yote nimekuwa nikilipokea ili yaishe. Usiku ule sikuandika majibu ya maswali. Niliandika sentensi tatu tu za kuanzia, na juma zima nikazirudia nikipiga pasi, mpaka mama akawa anazisema kabla yangu.

Siku ya usaili nilikuta watu watatu: muuguzi mkuu, daktari wa upasuaji, na afisa utumishi aliyefunga tai mpaka inamkaba. Kiti changu kilikuwa na mguu mmoja mfupi, nikawa nayumba. Kabla hawajaniuliza lolote nikasema, na ilinichukua karibu dakika nzima, "Nina kigugumizi. Kila sentensi nitakayoianza nitaimaliza. Naomba mnisubiri."

Muuguzi mkuu akaweka kalamu chini. "Tutakusubiri," akasema.

Wawili walisubiri kweli. Afisa utumishi hakuweza. Nilikuwa naeleza tunavyofanya tukiitilia shaka trei, nikakwama kwenye "tuna", yeye akamalizia, "Tunahesabu upya." Zamani ningeitikia kwa kichwa. Nikamwambia, "Hapana, bwana. Tuna-tunaanza kuosha upya." Akainamia karatasi zake.

Alipoinua uso akaniuliza swali nililokuwa naliogopa tangu siku ya kwanza. "Utakuwa na watu tisa chini yako. Ikitokea dharura, amri utaitoaje?"

 Nikaamua kumpa kisa cha mwaka juzi, ambacho hata wewe sijakusimulia. Mgonjwa alishalazwa mezani, trei inasubiriwa, nikaona utepe uliofunga trei hiyo haujabadilika rangi. Ule utepe huwa mweusi mvuke ukipenya sawasawa. Wa siku ile ulibaki mweupe. Mhudumu aliyekuja kuchukua trei alikuwa mbio mbio, na neno "subiri" likanigomea kabisa. Nikaikumbatia trei, nikauziba mlango kwa mgongo wangu, nikamwonyesha ule utepe kwa kidole. Akaelewa. Tukamtolea trei nyingine, na jioni yake fundi akakuta vali ya mashine imeziba.

"Amri yangu si-siku ile haikuwa na neno hata moja," nikawaambia, "na ilitiiwa."

Daktari akasogea mbele. "Mbona hili hukuliandika kwenye maombi yako?"

"Nilidhani ndiyo kazi yenyewe."

Nikatoka. Nikakaa kwenye ngazi nikanywa maji chupa nzima.

Barua ilikuja baada ya siku kumi na mbili. Nimepewa nafasi, kwa majaribio ya miezi sita. Sitakudanganya kwamba wote wamefurahi. Mmoja wa wale tisa alisema waziwazi wangemweka mtu anayeongea, na siku nilipowagawia zamu mara ya kwanza alikuwa anajichekea. Niliendelea hadi mwisho, nikamuuliza kama kuna ambacho hakukisikia. Akasema hakuna. Bado hajanipenda, ila trei zake ziko sawa, na hilo linanitosha kwa sasa.

Sasa wewe. Mimi maneno yananikwama, wewe yanakumwagika. Usijizoeze mbele ya kioo. Kioo hakikatizi mtu. Mpe wifi saa, akuulize, na ukipita dakika mbili agonge sufuria. Chukua kisa kimoja tu cha kazi yako ya umeme, kile cha siku uliyokataa kuliwashia umeme jengo zima mpaka waya ulioungua ubadilishwe. Kisimulie hicho, umalize, unyamaze. Wakitazamana, waache watazamane. Kimya hakiui, mdogo wangu. Nimeishi ndani yake miaka arobaini.

Utakwenda. Sitaki sababu, sitaki "lakini dada". Ukishatoka humo ndani niandikie, hata kama ni mistari miwili, ingawa najua itakuwa kurasa sita.

Nisalimie wifi sana, na wanangu wote wawili, mkubwa umwambie shangazi anamuulizia jino lake. Mama anakusalimu na anasema shati upige pasi hadi kola. Shemeji yako anasema kichwa chako ukilete, anajua hali yake ilivyo.

Mungu akufungulie mlango, na ukishaingia akufunge mdomo kwa wakati wake.

Ni mimi nikupendaye hata ukiniudhi,
Dada yako mkubwa.