Wimbo Niliokubali Kuuacha

Jumamosi. Theluji imegeuka tope, na mimi nimechoshwa na watu, nikianza na mimi mwenyewe.

Miezi mitatu mimi na bendi tumefanya mazoezi ya wimbo mmoja. Nilimtungia mama, aliyezikwa Tanga nikiwa huku ugenini nasubiri kibali cha ukaazi. Papa Mulumba, mpiga gitaa wetu kutoka Bukavu, alikuwa akirudia palepale kila niliposhindwa kuendelea, bila kunung'unika. Leo mchana ndipo tulikuwa tuuimbe mbele ya watu kwa mara ya kwanza, kwenye ukumbi wa mtaa kule Fisksätra.

Dakika kumi kabla ya kupanda jukwaani, Annika, mratibu wa maonyesho, akanivuta pembeni. Akaniuliza kwa upole, kwa Kiswidi, kama wimbo wa msiba ni wa lazima. Watu wamekuja kuchangamka, akasema. Kwa bendi ya Kiafrika wanategemea furaha.

Nikajibu haina shida.

Haina shida. Mimi, niliyelia kila mazoezi.

Basi tukapiga za kuruka-ruka. Watu wakapiga makofi, mzee mmoja akacheza na koti lake la baridi mwilini. Kila mwaka tunaalikwa, tunawachangamsha, halafu wanakunywa kahawa na kutuuliza Kiswidi tulijifunzia wapi.

Kwenye treni ya kurudi Papa Mulumba alitazama dirishani mpaka tukakaribia kituo cha Slussen. Nikadhani amemkasirikia Annika, nikaanza kumsema. Akanikatiza.

"Dada Rehema, yule mama hajui kitu. Wewe ndiye ulikubali, na sisi hukutuuliza."

Tuliposhuka akachukua gitaa lake, akaenda zake.

Nimefika nyumbani Hagsätra nimemkasirikia Annika, nimemkasirikia Papa Mulumba, nimeikasirikia na soksi iliyolowa. Ilinichukua vikombe viwili vya chai kukiri kwamba amesema kweli. Nimezoea kukubali upesi ili nisionekane msumbufu. Kazini nakubali. Kwa daktari nakubali. Leo nimekubali hata kwa niaba ya mama.

Saa moja jioni nikampigia Papa Mulumba, nikamwomba radhi.

"Bon, sawa," akasema. "Nimesikia. Sasa imba."

"Kwenye simu?"

"Gitaa niko nalo hapa."

Nikaimba nimesimama jikoni, simu kwenye meza. Sauti ilikwaruza, sikulia. Jirani akagonga ukuta. Saa moja jioni, Jumamosi, anagonga ukuta.

Nikaingia ubeti wa pili.