Zamu ya Dawa, Zamu ya Chakula

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Nakuamkia kwa mazoea tu, maana najua marahaba yako sitaisikia. Kichwa changu hakijatulia, na mambo kama haya nilizoea kukuletea wewe.

Majuzi nilikwenda Kilindoni kupima. Daktari, yule yule wa bara aliyekutibu wewe, alitazama majibu akaniambia damu yangu ina mafuta mengi. Kisha akarudia maneno yale yale aliyokuambia wewe: "Dawa kila siku, na chakula ubadilishe. Vyote viwili." Nikacheka, mama. Akaniuliza kinachonichekesha, nikapokea vidonge vyangu nikaaga.

Wewe ulimjibu vizuri kabisa, "Nimekuelewa, mwanangu," kisha ukarudi zako Chole ukavipangia zamu. Wiki hii dawa, wiki ijayo chakula. Nani angekushangaa? Ndoa yako yote ilikwenda hivyo: baba wiki moja kwetu, wiki moja ng'ambo Utende kwa mama mdogo, na ole wake achelewe kuvuka. Wiki ya dawa ulimeza kidonge kila siku bila kukosa, halafu ukala wali wa nazi na pweza wa tui zito, kwa kuwa dawa ipo, itajua la kufanya. Wiki ya chakula ulikula samaki wa chukuchuku na mchicha wa kuchemsha, vidonge ukavifunika na kawa kana kwamba vimekukosea. "Mie simdhulumu mtu," ulisema.

Na watu wa hifadhi ya bahari wakifungua mwamba, baada ya kuufunga muda ili pweza wakue, ulikuwa wa kwanza kushuka kuvua. Ikiangukia wiki ya chakula, ulibadilisha zamu, ukailipa wiki inayofuata. Haki yako ilikuwa haina mchezo.

Aliyepata tabu ni daktari. Mara mafuta yameshuka, mara yamepanda. "Mama, unameza dawa?" "Nameza." "Na nazi umeacha?" "Nimeacha." Hukumwambia uongo hata kidogo. Ulipokuwa ukinisimulia ulicheka mpaka mtandio ukakudondoka.

Halafu ukaanguka jikoni. Tulipokufikia ulikuwa umeshatuacha, na mpaka leo sijui ilikuwa zamu ya nani. Motoni palikuwa na samaki wa chukuchuku, na kwenye sinia chini ya mbuzi palikuwa na nazi iliyokunwa nusu. Ulikuwa unamaliza zamu gani, unaingia ipi? Shangazi anasema ni ule ukavu wa chakula uliokumaliza. Mdogo wangu anasema ni vidonge. Mimi namsikiliza huyu namwamini, namsikiliza yule namwamini. Nakukasirikia, halafu nakuonea huruma, halafu najiogopea mwenyewe, yote kabla ya kumaliza kikombe cha chai.

Kuna jambo moja linanichanganya kuliko yote. Baba alipopooza ilikuwa wiki ya Utende. Haikuwa zamu yako, lakini ulivuka, na mimi nikakubebea mkeka. Mama mdogo alisimama mlangoni asijue akukaribishe au akuzuie. Ukamwambia, "Mwenzangu, mgonjwa hana zamu. We mshike kichwa, mie nimshike miguu." Mkalala naye chumba kimoja mpaka siku alipotutoka, mmoja anamgeuza, mwingine anamwosha, na zamu haikutajwa tena. Sasa mama, hilo ulilijua kwa mwili wa baba. Kwa mwili wako lilikupotea vipi? Nauliza tu, sikulaumu. Ningependa ungekuwepo unijibu, hata kwa kunigombeza.

Mama mdogo siku hizi anakaa nami hapa Chole. Jioni hii nimepika samaki wa chukuchuku, ndimu na chumvi, nikaweka kidonge changu pembeni ya sahani. Nilihisi kama nakuvunjia utaratibu wako. Akatazama sahani, akatazama kidonge, akauliza, "Leo zamu ya nani?"

Nikashtuka. Nikamuuliza zamu gani. Akasema naye damu yake ina mafuta, alipimwa kabla hujaondoka, na wewe ndiye uliyempangia. Wiki hii ni ya chakula. Vidonge vyake viko ndani, amevifunika na kawa.

Mama! Mke mwenzio, na hili pia mligawana!

Nilitaka kumweleza kama daktari anavyoeleza. Nikamwambia tu, "Mama mdogo, mgonjwa hana zamu." Akaingia ndani, akarudi na kidonge chake mkononi. Tumemeza pamoja, tumekula sahani moja. Chakula hakikuwa na ladha, na wote wawili tumelia, sijui tulikuwa tunalilia tui au tunakulilia wewe.

Lala salama, mama. Kesho tutapika hivi hivi tena.

Kifungua mimba wako