Nahodha Aliyeomba Kutolewa

Mjukuu wangu Mwanahamisi,

Marahaba, salamu zako zimenifikia. Huku Bongwe tu wazima, alhamdulillahi, na shangazi yako amejifungua mtoto wa kike.

Waniuliza timu yenu ya wasichana wafupi itawawezaje wale warefu katika fainali ya mechi tatu. Hata sisi yalitupata, nilipokuwa shuleni Msambweni. Mechi ya kwanza tuling'ang'ania nao chini ya kikapu, wakawa wanadaka kila mpira juu ya vichwa vyetu. Tulifungwa vibaya.

Kabla ya mechi ya pili, nahodha wetu Mwanakombo, mrefu pekee tuliyekuwa naye, alimwendea mwalimu.

"Nitoe mimi, mwalimu. Mtie Riziki. Wale hawawezi mbio."

Riziki ni mimi, niliyekuwa sijachezeshwa hata mara moja. Alinivisha fulana yake mwenyewe, ikanifika magotini.

Tulicheza wafupi watano, tukawakimbiza mpaka wakashika viuno. Tukashinda mechi hiyo, na ya tatu pia, huku Mwanakombo akishangilia benchini hadi sauti ikamkauka. Kombe lilipotolewa, tulikataa kulipokea mpaka yeye atangulie.

Kila nikiswali namwombea. Fainali ile aliingoja mwaka mzima, kisha akanipa mimi.

Akupendaye,
Bibi Riziki