Mtoto Ametulia

Ghorofa ya Tatu,
Nyuma ya Kituo cha Mabasi.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Hujambo, na wote hapo nyumbani hawajambo? Goti linaendeleaje? Shemeji ameacha kukohoa, au bado anakunywa dawa leo na kuzisahau kesho? Na mama je, amekubali kuvaa miwani, au bado anasema inamzeesha? Sisi huku ni wazima wa mwili. Baridi imeanza kulegea, na mashine kubwa ya pasi kazini imetengenezwa, kwa hiyo mgongo wangu umepata nafuu.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu siwezi. Nikisikia sauti yako tu nakatisha maneno, nawe unadhani ni msiba wa yule mtoto. Si msiba peke yake. Tena nimekudanganya. Kila ulipouliza mbona Chiriku haji kuzungumza na Mama yake Mkubwa, nilikujibu ana mitihani. Mtoto wa miaka tisa, mitihani gani hiyo isiyokwisha? Najua hukuniamini, ila ulinihurumia.

Unakumbuka alivyokuwa, jina lenyewe la Chiriku ulimpa wewe kwa vile hakuwa akinyamaza hata akiwa na chakula mdomoni. Tulipofika huku alikaa kimya shuleni karibu muhula mzima, nikaogopa. Kisha siku moja nikachungulia dirishani, nikamwona uwanjani anagombana na wenzake kwa lugha ya huku, mkono kiunoni, maneno yanamtoka kama maji ya bomba. Baba yake mpaka leo anajua kuhesabu maboksi na kutukana, maana ndiyo lugha ya ghalani kwao. Mimi kule chumba cha kufulia cha hoteli nafanya kazi na wanawake waliotoka kila pembe ya dunia, na kila mmoja anaivunja lugha kivyake. Mashine zinanguruma, tunaongea kwa mikono.

Basi nikamfanya mtoto kuwa mdomo wangu. Mwenye nyumba akija kulalamika, Chiriku ndiye anayesimama mlangoni, mimi nipo nyuma yake nimeshika mwiko. Benki, yeye. Dukani, yeye. Nilikuwa najivuna, Dada. Nilikuwa nawaambia wenzangu kazini, kwa vidole na vicheko, kwamba mimi sihitaji kujifunza, nina mtaalamu nyumbani.

Siku ile ya kliniki ya wajawazito nilikwenda naye. Daktari alinipaka ile jeli ya baridi tumboni, akatazama skrini kwa muda mrefu, akaita mwenzake, naye akatazama. Kisha daktari akamwuliza Chiriku kitu. Chiriku akanigeukia: "Anauliza kama tuna mtu mzima wa kutafsiri."

Nikamwambia, "Mwambie wewe unatosha."

Dada, maneno hayo nayasikia mpaka leo.

Daktari akasema neno. Chiriku hakulijua, akamwomba arudie. Nadhani alimwonea huruma, maana safari ya pili alisema polepole, kwa neno jingine laini. Chiriku akafikiri kidogo, akaniambia, "Mama, anasema mtoto ametulia."

Unajua wiki zile tumbo lilivyokuwa likinihangaisha, mateke usiku kucha. Siku mbili hizo nilikuwa nimepumzika kidogo. Kwetu mtoto akitulia si ni sifa? Nikatabasamu. Nikamshukuru daktari mwenyewe, kwa lugha yake, maana asante naijua. Alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa. Akamwambia Chiriku kwamba nirudi asubuhi pamoja na mume wangu. Tukatoka, nikamnunulia mwanangu mkate mtamu kwa kazi nzuri aliyoifanya.

Asubuhi wakaniunganisha kwa simu na mkalimani, mwanamume ambaye Kiswahili chake ni kama cha redioni. Akasema, "Pole sana, mama. Mtoto amefia tumboni." Mengine tulikusimulia wakati ule.

Hili hatukukusimulia. Jioni baba yake alimleta Chiriku wodini. Nilikuwa nimelala, maziwa yanaanza kutoka na hakuna wa kuyanyonya. Nikamwuliza, "Kwa nini uliniambia ametulia?" Akajibu, "Ndivyo alivyosema." Nami nikamwambia, mbele ya baba yake na mbele ya muuguzi, "Ungeniambia vizuri wangemwokoa."

Halikuwa kweli. Mtoto alikuwa amekwisha kufa kabla hatujapanda ngazi za kliniki. Lakini nililisema, na kwa Kiswahili, lugha ambayo ndani ya chumba kile ni sisi watatu tu tulioielewa. Hakukuwa na mtu mwingine wa kunikemea. Baba yake aliinamisha kichwa.

Tangu hapo Chiriku akaacha Kiswahili. Ukimsemesha anakujibu kwa lugha ya huku, kwa neno moja moja, macho chini. Ukipiga simu wewe, anaingia chooni na kufunga mlango. Nilidhani ni ukaidi. Nikamgombeza. Siku nyingine nikamnyima chakula mpaka aombe kwa Kiswahili, akalala na njaa. Hilo nalo lipokee, sina mwingine wa kumwambia.

Kisha mwalimu wake akaniita shuleni, mara hii na mkalimani wa simu mezani. Kumbe alikuja mtoto mpya wa kutoka kwetu, asiyejua neno, wakamwomba Chiriku amsaidie. Akakataa, akalia. Alimwambia mwalimu kwamba yeye akitafsiri, watu wanakufa.

Nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti kidogo cha watoto, nikamwomba mkalimani arudie.

Mwalimu ni mama wa makamo, si mwenye maneno mengi. Aliniambia sisi wakubwa tunadhani watoto wanameza lugha nzima kama kidonge, kumbe wanapata ile ya mahali walipo. Chiriku ana lugha ya huku ya uwanjani na darasani, na Kiswahili alichokuja nacho akiwa na miaka sita. Maneno ya kifo cha tumboni hana katika lugha yoyote, wala hakupaswa kuwa nayo. Na wewe mama, akaniuliza, unajifunza? Nikasema sina muda. Mkalimani alitafsiri, lakini nilisikia hata sauti yake haikuamini.

Sasa nasoma. Ni chumba cha nyuma cha maktaba, baada ya kazi. Tuko na kinyozi mmoja anayecheka kila akikosea, na ajuza mmoja aliyekuja kuishi kwa mwanawe na hawezi kusema na wajukuu. Shida yangu si kichwa, Dada, ni aibu. Mtoto anarusha neno lolote, likivunjika anaokota jingine. Mimi naikunja sentensi kichwani kama shuka la hoteli, kona kwa kona, nikimaliza aliyeniuliza kashaondoka.

Mwezi uliopita nilirudi kwa daktari peke yangu. Nilimwuliza kwa mdomo wangu kama mtoto angeweza kuokolewa siku ile. Akasema hapana, akasubiri, akasema tena. Nilielewa safari zote mbili.

Jumamosi iliyopita nikamkuta Chiriku jikoni anamenya viazi. Nikakaa chini. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia kwamba si kosa lake, kwa lugha ya huku, kwa kuwa ndiyo aliyobaki nayo kwangu. Nikayasema. Akaacha kisu, akanitazama. Halafu, kwa Kiswahili, taratibu kama mtu anayejaribu barafu kwa mguu: "Mama, hapo umesema si kosa lako wewe."

Nilikuwa nimechanganya neno “langu” na “lako”, katika yote niliyoweza kukosea. Nikamwambia hapana, kosa ni langu, nisaidie kusema kwamba si lako. Akalisema yeye, sawasawa. Nikalirudia. Akasema bado, mwisho haujakaa vizuri, sema tena. Tukalirudia mpaka viazi vikaanza kuwa vyeusi, na mahali fulani hapo katikati akaanza kulia, nami nikamshika.

Sijidanganyi kwamba yamekwisha. Bado anaongea kidogo. Mlango wa chooni bado unafungwa simu ikilia. Ninachokuomba, usimwulize lolote la hospitali. Piga tu. Akikujibu kwa lugha ya huku, endelea kumsimulia habari za kuku wako, ataelewa.

Msalimie mama, umshike mkono kwa niaba yangu. Msalimie Shemeji, kaka dereva na mkewe, na yule binamu fundi cherehani. Mwambie gauni alilonishonea bado nalivaa. Baba Chiriku anawasalimu nyote. Chiriku hajatuma salamu, nami sikumwomba. Akizituma, zitakuwa zake mwenyewe.

Mungu akulinde, aliponye goti lako, na anisamehe mimi.

Nakupenda, nami ni yuleyule
Mdogo wako.