Mikono Yangu Miwili

Mama mpendwa,

Nisamehe kwa kukaa kimya tangu Pasaka. Kwa simu ningelia, ndiyo maana nimeandika.

Huku mtaani Rhonda tuko wazima. Shantel wangu ameota meno mawili.

Yule mkalimani wa ishara ambaye chuo kilimwahidi Sydney bado hajaletwa, kwa hivyo mimi ndiye humfasiria ndugu yangu darasani. Juzi Shantel alilia, nikambeba. Nikimbeba, sina mikono ya kuongea na Sydney. Mwalimu akasema, "Mathe, toka na huyo mtoto."

Nikamjibu, "Nikitoka, Sydney hatasikia somo."

"Kwani saa hii anasikia?"

Darasa likacheka. Sydney akaniuliza kwa ishara wanacheka nini, nami nimeshika mtoto.

Mama, Sydney hataacha masomo. Shantel nimeanza kumwachisha kunyonya. Usinigombeze, nimeshaamua. Atakaa kwako mpaka mkalimani apatikane.

Nitumie unga wa wimbi azoee uji kabla ya safari, kikombe chenye mfuniko, na mdogo wangu Mercyline aje kumchukua Jumapili. Mwambie asikae kunywa chai. Amchukue tu, aende.

Binti yako,
Achola