Wifi Alipokuwa Joka

Shoga, nimejifungia chooni kwa wifi. Usipige, watasikia.

Tulikuwa tunacheza ule mchezo wao wa kuigiza huku mkirusha dadu kwa zamu, wifi ndiye joka. Kanuni yao, joka likiulizwa swali haliruhusiwi kudanganya.

Basi mimi na kiherehere changu nikauliza kwa nini linalalia dhahabu wakati haliili wala haliivai.

Akanguruma: "Siitaki. Ila sitaki mwingine aichukue."

Halafu akaniangalia usoni, taratibu kabisa. "Kama kaka anavyokuweka wewe."

Mbele ya watu wote. Kama kaka anavyokuweka wewe.

Nikamgeukia mume wangu. Nilijua atamkemea dadake, hata kwa mzaha tu.

Akanisogezea dadu. "Umeuliza mwenyewe, na joka halidanganyi. Haya, rusha, unatuchelewesha."