Zote Saba, Bibi

Nasrin, leo nimejiaibisha, na simu yote imerekodiwa. Msimamizi ataisikiliza kesho.

Si unaujua huu utafiti wetu wa afya ya wazee, tunaowahoji kwa simu? Nilimpigia Bibi Evaline, mama mmoja wa Marangu. Tulikwenda vizuri mpaka nikamsomea swali: "Wiki iliyopita, ni siku ngapi ulijisikia mpweke?"

Akasema, "Mbili. Na wewe je, mjukuu wangu?"

Mimi! Kazi yangu ni kuuliza tu, haturuhusiwi hata kusema pole. Nikajikuta nimemjibu, "Zote saba, bibi."

Zote saba! Hata wewe sijawahi kukuambia.

Nikaanza kulia, peke yangu humu chumbani Shirimatunda, fomu iko wazi mbele yangu. Bibi hakukata simu. Alingoja weee, nilipotulia akauliza, "Umekula lakini?"

Tangu nihamie Moshi hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia nimekula, nikaendelea na swali linalofuata.

Sijala, Nasrin. Ukiona ujumbe huu usiniandikie, nipigie.